Maneno ya Daktari Niliyoyapunguza

Kocha Bram,

Leo nimeshinda kwenye masoko ya nguo ya Guangyuan Xilu na wateja wawili kutoka Nairobi, ghorofa kwa ghorofa, wakitafuta jaketi za watoto. Wao wanasema Kiswahili, muuzaji anajibu Kichina, mimi katikati. Nimerudi chumbani miguu imevimba na sauti imekauka. Nimekaa kitandani bila hata kuvua viatu, nikakukumbuka. Nikiwa na nguvu huwa najua namna ya kukukwepa. Leo sina nguvu hizo.

Uliponikuta nilikuwa nimemaliza chuo, sina kazi, na kibali changu cha kukaa China kilikuwa kinakaribia kwisha. Akademia ya soka ilitaka mkalimani wa kocha mpya wa makipa, Mholanzi asiyejua neno la Kichina. Mimi Kichina nilikijua, ila mpira sikuujua kabisa. Siku ya kwanza ulinivalisha glavu zako. "Huwezi kutafsiri kitu ambacho hakijakuuma," ukasema, ukaanza kunipigia mipira, taratibu, kama mtu anayemrushia mtoto chungwa. Mmoja ulinipata kifuani nikakaa chini, hijabu imekwenda upande, na vijana wote wakaangua kicheko. Ukawaambia atakayecheka tena atazunguka uwanja mara kumi. Lakini wao hawajui Kiingereza, kwa hiyo ilibidi niwatafsirie mwenyewe, bado nimekaa kwenye nyasi. Nilikupenda siku hiyo, Kocha, kama mtu anavyompenda mjomba aliyemwona ukubwani.

Tulizoea kula pamoja kile kimgahawa cha Waislamu pale Huanshi Zhonglu, tambi na nyama ya kondoo, kwa sababu ulisema hutaki nile peke yangu. Hapo ndipo uliponisimulia maisha yako, kidogo kidogo, huku ukipuliza mchuzi. Baba yako alikuwa dereva wa gari la maziwa huko kaskazini mwa Uholanzi. Ulijifunza kuruka kwenye nyasi mbichi nyuma ya nyumba, na mama yako akakupiga marufuku kuingia sebuleni na tope. Ukasajiliwa na timu ya mji wenu, ukawa kipa wa pili. Miaka minane ulikaa benchi ukimtazama mwenzako akidaka.

"Unajua kazi ya kipa wa pili?" uliniuliza. "Ni kujipasha moto, halafu kupoa."

Ulikuwa na miaka thelathini na moja kipa wa kwanza alipovunjika kiwiko, na lango likawa lako. Ulidaka msimu mzima, na watu wakaanza kukuita kwa jina mtaani. Halafu ikaja mechi ya mwisho, ile ambayo sare tu ingewabakiza kwenye ligi. Shuti dhaifu, mpira unabingirika, ukaushika, nao ukateleza mikononi, ukaingia langoni. Timu ikashuka daraja. Uliniambia kwamba hakuna aliyekutukana, na hilo ndilo lililokuumiza. Mwuza mikate alikupa mkate wako bila kukutazama usoni, na ikawa hivyo kila asubuhi, mpaka ukahama mji. Ukadaka misimu miwili Ubelgiji kwenye timu isiyojulikana, ukatundika glavu, ukawa kocha, na mwisho ukaja huku, ambako, ulisema, hakuna aliyeuona mpira ule.

Nilizijua habari zako zote hizo, ndiyo maana nashindwa kujisamehe.

Vijana ndio waliogundua kwanza. Mipira iliyotoka kushoto ulianza kuikosa, hata ile rahisi. Ulisema ni jua. Baadaye ukasema ni uzee. Mwishowe nikakubembeleza twende hospitali. Nakumbuka daktari alikuwa mama mtu mzima, mwenye miwani minene, aliyesema polepole ili nimwelewe. Alisema presha ya jicho la kushoto imepanda sana, mshipa wa jicho umeshaanza kufa, ufanyiwe upasuaji mwezi huohuo, kwa sababu kinachopotea hakirudi.

Juma hilohilo bosi wa akademia alikuwa anaamua kama mkataba wako uendelee. Alikuwa amenivuta kando akaniuliza kama afya yako ni nzuri. Mkataba wako ukikatika, wangu nao unakatika, na kibali changu, na nauli ya kurudi Mombasa mikono mitupu mbele ya mama aliyewaambia majirani wote kwamba mwanawe ana kazi China.

Nikakugeukia nikasema: "Ni presha ya jicho. Utatumia dawa ya matone. Upasuaji unaweza kusubiri msimu uishe."

Ukauliza: "Ana uhakika?"

Nikamgeukia daktari, nikamwuliza kwa Kichina matone yanawekwa mara ngapi kwa siku. Akajibu, mara mbili.

"Ana uhakika," nikakuambia.

Ulishukuru. Ulimpa daktari mkono, kisha ukanipa mimi. Mkataba ukatiwa saini. Kila siku baada ya mazoezi ulikaa kwenye benchi, ukainua uso, ukajitia matone, na wakati mwingine ulinipa kile kichupa nikutilie mimi. Nikakutilia. Nilijiambia msimu si mrefu. Nilijiambia madaktari hupenda kutisha watu.

Msimu haukufika mwisho. Asubuhi moja kijana alipiga shuti kutoka kushoto, wala halikuwa kali, likakupiga shavuni, na mikono yako ilikuwa bado imeshuka. Tukarudi hospitali. Safari hii tulimkuta daktari kijana aliyesoma nje, hakunihitaji. Alisoma karatasi zako, akakuuliza kwa Kiingereza kwa nini hukuja kwa upasuaji ulipoambiwa. Uligeuza kichwa chote, kwa sababu nilikuwa nimekaa upande wako wa kushoto, ukanitazama.

Tulikwenda hadi mgahawani. Tambi zikaletwa. Nikakueleza yote, bosi, kibali, mama. Ulisikiliza mpaka mwisho.

"Ungeniambia hivyo," ukasema. "Ningekwenda kwa bosi mimi mwenyewe. Ungeniambia tu hivyo."

Nikaanza kulia. Ukangoja ninyamaze.

"Mimi nilifungwa bao moja, mji mzima ukaacha kunitazama. Kwa hiyo sitamwambia mtu yeyote. Lakini sasa hivi siwezi kula na wewe. Nenda, tafadhali."

Nikaondoka. Baada ya wiki mbili ukarudi kwenu. Vijana waliponiuliza uko wapi, nikawaambia umekwenda kutibiwa. Mwisho wa mwezi niliacha kazi. Bosi hakunifukuza, hakuwa na sababu, ulikuwa umetimiza ahadi yako. Nilipata kibali kingine kupitia kampuni ya kusafirisha mizigo, nikaingia sokoni. Ona basi, Kocha: kile nilichokiogopa, hadi nikauza jicho lako, kilikuwa na njia nyingine.

Binti yako, Anneke, niliyemwandikia kuuliza hali yako, alinijibu mwaka huu. Aliandika kwa upole, nadhani hajui. Kasema jicho la kushoto limekufa, la kulia wameliwahi. Kasema unafundisha makipa wadogo huko kwenu, na unawataka wakae upande wako wa kulia ukizungumza nao. Kasema habari za China huzungumzi.

Wenzangu wachache niliowahi kuwasimulia waliniambia nilikuwa msichana mwenye hofu, ugenini. Siyo. Nilikuwa na miaka ishirini na sita, na Kichina nilikijua vizuri. Nimechoka kuonewa huruma kwa jambo hili kuliko nilivyochoka kwa kazi.

Sikuombi unisamehe, maana ukisamehe kwa kuombwa utakuwa umenifanyia kazi nyingine tena. Nilitaka tu ujue alichosema yule mama daktari, chote, kama alivyokisema, na sasa umekijua. Alisema pia, na hili nalo sikukufikishia, kwamba ulikuja kwa wakati. Kwamba jicho lingeweza kuokolewa.

Nimekuandikia kwa Kiswahili, lugha usiyoijua hata kidogo, kwa sababu nikiandika Kiingereza nitaanza kukuchagulia maneno. Barua hii nitamtumia Anneke. Nitamwomba atafute mtu huko Uholanzi anayekijua Kiswahili, akusomee neno kwa neno, asipunguze hata lile linaloniaibisha. Awe mtu yeyote. Asiwe mimi.

Ubaki salama, Kocha.

Zuhura,
aliyekuwa mkalimani wako
Guangzhou