Mama Riziki, Siku Yangu Imefika

Mama Riziki, dada yangu katika Bwana,

Tangu ujana wangu, katika shule ya wainjilisti kule Uvira, nilifundishwa kwamba waliolala hawasomi barua za walio hai. Nami nimewafundisha hivyo wanawake wengi, na wewe ulikuwa mmoja wao, umeketi mstari wa mbele na kitenge chako cha kijani, ukiitikia kila neno. Kwa hiyo usinicheke. Naandika nikijua kwamba asomaye ni Mungu peke yake, na kama ataona vema kukupasha habari, hilo ni lake. Mimi nisingeweza kuondoka katika mji huu wa Durban bila kukuambia.

Naam. Siku yangu imefika. Mimi, mwanangu Baraka, mke wake na watoto wao, tumeitwa na ofisi ya wakimbizi kwenda Marekani. Tutapanda ndege wiki ijayo.

Sijui kama nikuandikie kwanza habari za huku au habari za moyo wangu. Nianze na za huku, maana hizo ni nyepesi. Chumbani mwako pale Albert Park sasa wanakaa vijana wa Kitanzania wanaotengeneza simu. Wana heshima, wananiamkia shikamoo, lakini mapazia yako wameyatoa. Lifti bado ni ile ile, hufanya kazi siku inayotaka yenyewe. Binti yako Riziki alihamia Greyville, karibu na saluni anakosukia watu nywele. Amenenepa kidogo. Anapotembea, mabega yake ni yako kabisa, na zaidi ya mara moja nimeharakisha hatua nyuma yake barabarani kama mjinga, nikitaka kukuita jina.

Nimezikosa safari zetu za sokoni. Ulikuwa na desturi ya kuomba kila tuliposimama kwenye taa za robot, sala fupi ya kungojea taa ya kijani, na taa ilipowaka kabla hujamaliza, amina uliisemea katikati ya barabara, magari yakipiga honi. Nilikukemea. Nikasema sala haistahili kufanyiwa haraka namna ile. Ukanijibu, "Mama Baraka, Mungu anajua Durban. Anajua taa zake." Tangu uondoke, ninafika ng'ambo ya barabara nikiwa kimya.

Kikundi chetu cha akina mama kimepungua sana. Unakumbuka tulivyokuwa tukijaza ukumbi hata wengine wakasimama mlangoni? Sasa kila baada ya muda kiti kimoja kinabaki kitupu, na hakuna anayeuliza, kwa sababu wote tunajua. Familia imeitwa, familia imekwenda. Na imekwenda kimya, kama ilivyo desturi yetu sisi watu wa Kongo hapa ugenini. Safari haitajwi. Aliyeitwa huogopa jicho la mwenzake. Huogopa kwamba mwenye wivu ataifunga safari kwa maombi mabaya au, jambo ambalo ni la hakika zaidi, atapiga simu ofisini na kusema uongo mpaka faili lisimamishwe. Basi mtu husali nawe Jumapili, anakushika mkono, anakuuliza mguu wako unaendeleaje, na Jumatano yuko angani.

Ndivyo alivyotufanyia Mama Sifa wa kikundi chetu. Nimelifikiria jambo lile mwezi huu wote. Tulikuwa tumempikia sombe ya majani ya muhogo kwa sababu alisema ana homa. Tukapanda ngazi zote, wewe umebeba sufuria, mimi nimebeba ugali wa fufu, na mlango ukafunguliwa na mwanamke wa Kizulu ambaye hatujapata kumwona, akatutazama kwa huruma. Ulisimama pale na sufuria mikononi, mvuke ukikupanda usoni, na nikaona unajaribu kutabasamu ili yule mgeni asione haya kwa ajili yetu. Kisha ukampa sombe. Tuliposhuka ndipo ulipolia, ukasema, "Hata kama nina wivu, si angeniacha niwe na wivu huku namsindikiza?"

Mama Sifa alipokupigia simu baada ya miezi, kutoka kwenye ile nchi tambarare kule Marekani ambako alisema upepo hauna kitu cha kuuzuia na jirani humwoni mpaka theluji iyeyuke, alilia. Anafanya kazi kiwanda cha nyama, alisema, na siku nzima hapati mtu wa kumsalimu. Ukamwambia, "Ulitoroka kama mwizi wa kuku, sasa unalia nini?" Nikadhani utakata simu. Kumbe ulivuta kiti, ukakaa, ukamfundisha upya namna ya kupika maharage kwa jiko la umeme, mpaka akacheka. Nami nikajifunza siku ile kwamba kusamehe kunaweza kufanyika bila kutajwa.

Kisha ukanigeukia. "Siku yako ikifika, Mama Baraka, utaniambia. Hata mutoto wako akikukataza." Nikasema, nitakuambia. Nilifikiri kwamba utakuwepo.

Dada yangu, kukuambia wewe leo ni rahisi mno. Wewe huwezi kupiga simu ofisini. Aliyekuwa mgumu kuambiwa ni Riziki.

Unajua kwa nini. Faili lenu lilikuwa kwa jina lako. Mlikuwa mmekwisha kuhojiwa, mlikuwa mnangoja tu kuitwa, na ugonjwa wa sukari ukakuchukua. Ofisi wakamwambia Riziki aanze upya, kwa jina lake mwenyewe, kama mtu aliyefika jana. Hivyo alikupoteza wewe, na pamoja nawe akaipoteza safari. Tangu siku hiyo huniita mama mkubwa, na kila Jumapili huketi kando yangu, na mfuko wake huuweka juu ya kiti changu mpaka nifike, mtu asikikalie.

Baraka alijua moyo wangu unakwenda wapi. Si mtoto mbaya, unamjua. Ni baba aliyeona watoto wake wakifukuzwa mtaani mwaka ule wa fujo dhidi ya wageni, tulipokaa wote uwanjani mwa kanisa, na hofu yake ina sababu. Aliniambia kwa upole, "Mama, usiambie mutu. Na zaidi usiambie Riziki. Simukatai, ni dada yangu. Lakini iko na kidonda, Mama. Mutu mwenye kidonda, hata yeye mwenyewe hajui atafanya nini." Nikamwuliza kama anadhani binti yako atatudhuru. Akaangalia chini. Akasema, "Wewe ulimufundisha, unamujua. Mimi nafikiri tu juu ya batoto."

Nilisali siku nyingi juu ya jambo hilo. Niliona kwamba nikisema, huenda nikawafungia wajukuu wangu mlango. Niliona pia kwamba nikinyamaza, nitamfanya binti yako asimame mlangoni kama wewe ulivyosimama, naye hana mwenzake wa kushuka naye ngazi. Sikupata sauti kutoka mbinguni. Nilipata tu aibu, na aibu hiyo ilinipeleka Greyville Alhamisi asubuhi.

Riziki alikuwa anamsuka msichana mmoja. Yule msichana alikuwa amenisalimu kwa Kizulu vizuri sana, nami nikamwitikia kwa Kizulu changu kibovu, nikaketi kwenye benchi. Nikajisemea, huyu ni mwenyeji, hasikii Kiswahili chetu. Basi nikasema yote. Nikasema tumeitwa, nikataja Marekani, nikataja wiki, nikasema Baraka amenikataza, nikasema wewe uliniomba nisitoroke nami sitatoroka. Riziki hakuinua macho. Vidole vyake viliendelea kusuka, na msuko ule ukawa unakaza, unakaza, mpaka msichana akafumba macho kwa maumivu na kusema kwa Kiswahili safi, "Dada, pole pole basi. Na wewe Mama, mimi sijasikia kitu. Lakini safari njema."

Mkenya! Mwanafunzi wa chuo kikuu, kama alivyotuambia baadaye! Mimi ninayeonya wengine juu ya ulimi nilikuwa nimetangaza siri ya nyumba nzima mbele ya mtu nisiyemjua hata jina.

Riziki akacheka. Alicheka kama wewe, akijishika kiuno, na kicheko kikageuka katikati yake kikawa kilio, akaja kuketi kwenye benchi na chanuo mkononi. Akaniambia, "Mama mukubwa, mimi nilijua. Eish, umegawa mablanketi yako yote wakati wa baridi, nani hakujua? Nilikuwa nangoja tu kuona kama utasema." Kisha akasema hili, na hili ndilo lililonifanya nikuandikie. Akasema, "Kila Jumapili nilikuwa naweka mufuko yangu pale, najiambia, leo ndio siku hatakuja."

Nilimshika kichwa tu, na yule msichana Mkenya, nusu amesukwa nusu nywele zimesimama, akaenda kututafutia chai bila kuagizwa.

Wivu anao. Aliniambia mwenyewe, bila kuficha. "Nina wivu mpaka tumbo inauma." Nikamwambia awe nao, tutaubeba pamoja mpaka uwanja wa ndege. Atanisindikiza. Baraka, nilipomweleza, aliuliza, "Nani mwengine anajua?" Nikasema, na Mkenya mmoja. Akaweka mikono usoni. Nilidhani amekasirika, lakini mabega yalikuwa yanatikisika kwa kicheko. Baadaye akampigia Riziki simu mwenyewe, wakazungumza mlango umefungwa. Sikuuliza walichosema.

Jumapili nikasimama katika kikundi nikawaaga akina mama wote. Nilisema kwa kifupi. Nje taxi zilikuwa zikiita abiria. Hakuna aliyepata kuaga pale kabla, nao hawakujua wafanye nini na mikono yao. Mmoja alitoka nje, na nilijua kwa nini alitoka. Jina lake limerudishwa na ofisi mara nyingi. Waliobaki wakaja mmoja mmoja. Kama kuna atakayepiga simu, bado ana muda wa kupiga, nami nitajua tu siku tutakaposimama mbele ya ndege. Naogopa, Mama Riziki. Siwezi kukuandikia kwamba siogopi. Lakini ninalala.

Jana tulikuja kwako, mimi na Riziki. Tuling'oa majani, tukasafisha jiwe. Nilitaka kukuambia pale pale, nikashindwa, ndipo nikaamua kuandika. Kinachonitesa si kaburi, kwa maana najua hauko humo. Ni kwamba uso wako nimeujua katika mji huu tu. Sijui kama nitaweza kukukumbuka vizuri mahali ambapo hukupata kutembea, katika nchi ya upepo, miongoni mwa majirani ambao hakuna hata mmoja wao aliyesikia sauti yako. Hapa kila kona inanisaidia kukukumbuka. Kule nitakukumbuka kwa nguvu zangu peke yangu, na nguvu zangu ni za mwanamke mzee.

Basi pokea kwaheri yangu, dada yangu uliyenitangulia. Nakuaga mchana, kwa mkono wangu, binti yako akijua, kama ulivyotaka. Na ahadi yangu ni hii. Riziki hatakaa kanisani peke yake kwa sababu yangu. Nitampigia simu kila Jumapili kabla ya ibada, hata kama kule nitakuwa nimeamshwa usingizini, nami nitaendelea mpaka jina lake liitwe. Na likiitwa, iwapo Bwana atanipa uhai, atakaposhuka katika nchi ile atanikuta nimesimama nje, kwenye baridi, namngoja.

Ni mimi, dada yako,
Mama Baraka