Jina Lako Bado Lipo kwenye Kiboksi

Kaka yangu mpendwa,

Pokea salamu zangu, na za Mama, na za Shangazi ambaye amesema nikuandikie kwamba goti lake limepona ila lisisifiwe sana. Sisi huku tu wazima. Nawe u hali gani? Kikohozi ulichonitajia kimekwisha? Najua utashangaa kupata barua ya karatasi iliyotumwa kwa basi wakati simu ninayo mkononi. Kwa simu ningekata kabla sijasema.

Habari kubwa ya nyumbani ni kiboksi. Nazungumzia kile kiboksi cha filamu ulichokiunganisha kwenye televisheni ya sebuleni, ukaandika majina manne ili kila mtu awe na vipindi vyake, hata akitazama kwa simu akiwa mbali: Baba ukamwita Bisibisi, Mama ukamwita Bosi, mimi Chiriku, na wewe Kaka. Utaratibu wako haukudumu. Mama huingia kwa jina lolote analolikuta wazi, kwa hiyo Baba, fundi friji mzima, kila akiwasha anapendekezewa magauni ya harusi. Analalamika, kisha anayatazama.

Shangazi alipohamia kwetu mwezi wa tatu, naye akataka jina lake. Kiboksi kikakataa la tano. Akasema, bila ubaya, tufute la yule aliyeondoka, maana miaka mitatu si mchezo. Rimoti nilikuwa nayo mimi. Baba, ambaye tangu mgombane ukaacha karakana yake hajawahi kukutaja mbele ya watu, alisema bila kuinua macho kwenye gazeti, "Hilo lisiguswe." Shangazi akaingia kwenye jina la Mama, na sasa wawili hao hawaishi kubishana nani kamtangulia mwenzake kwenye tamthilia, na kafika sehemu ya ngapi.

Wiki mbili baadaye nilikuwa nashona huku natazama tamthilia kwa simu. Baba alirudi kutoka kazini, akawasha televisheni apate mpira, ikaandika kwamba nafasi zimejaa. Wanaoruhusiwa kutazama kwa pamoja ni wawili tu, na walikuwa Chiriku na Kaka. Nilitoka mbio nimwachie nafasi yangu. Nikamkuta amesimama na rimoti, miwani kaipandisha kwenye paji la uso, anasoma jina lako.

"Kwa hiyo saa hizi na yeye anatazama?" akaniuliza.

Nikasema ndiyo.

"Ametoka kazini, basi," akasema, akakaa.

Tangu siku hiyo, ikifika saa kumi na moja jioni anazima televisheni, hata kama bibi harusi wa Mama ndiyo kwanza anaulizwa kama amekubali. Mama alidhani ni ubahili wa umeme. Mimi nilipomuuliza, alinijibu kwamba mtu akitoka kazini amechoka asikute mlango umefungwa. Asubuhi, kabla ya kwenda karakana, anafungua vipindi vyako aone umefika wapi. Juzi alimwambia Mama kwamba vile vya maseremala umeshavimaliza, sasa umeanza vya meli. Alimwambia kwa sauti ya mtu aliyepata barua.

Hapo ndipo roho iliponiuma nikashindwa kula. Kaka, kuna jambo nimekuficha.

Wiki moja baada ya ugomvi wenu, Baba alinifuata jikoni akaniambia, "Wewe ndiye unayesikilizana naye. Mwambie Jumamosi nitakuwa karakana peke yangu. Aje tuzungumze, nami maneno mengine nilikosea." Sikukuambia. Nilikuwa nimeshahamishia cherehani na meza ya kukatia chumbani kwako, nimepata kazi ya sare za shule, na ilikuwa mara yangu ya kwanza kushona mahali penye dirisha. Nilijua ukirudi, nami narudi kwenye korido. Nikajiambia nitakuambia wiki ijayo.

Jumamosi ile Baba alibeba chakula cha watu wawili, akarudi jioni na bakuli moja halijafunguliwa. Hakuniuliza kitu. Aliamini umekataa. Nawe kila uliponiuliza kama Baba amewahi kukuulizia, nilikujibu hapana. Hakuna aliyenishawishi. Nililipenda dirisha lile.

Leo asubuhi nimemwambia. Alikuwa anafunga viatu. Akaniomba nirudie, taratibu. Nilingoja anifokee. Alibaki ameshika kamba ya kiatu, akasema, "Kwa hiyo hakukataa." Akaondoka na kiatu kimoja mguuni hadi jikoni, nikamsikia anamwambia Mama, "Kumbe hakukataa." Nikasikia Mama anafungulia maji ya bomba.

Mchana amerudi, jambo ambalo hafanyi siku ya kazi. Amesimama mlangoni mwa chumba chako, hakuingia, akanipa agizo, akageuka. Zaidi ya hilo hajanisemesha, na sina uso wa kudai anisemeshe. Nawe ukinikasirikia, una haki. Nitapokea simu yako hata kama ni ya kunigombeza.

Wasalimie wenzako wa kazini na wote wanaokujali huko. Mama anasema ule vizuri. Shangazi anasema kikohozi kikizidi usijifanye daktari.

Agizo lenyewe nalileta kama nilivyolipokea, sijaongeza wala sijapunguza: Jumamosi hii atakuwa karakana peke yake tangu asubuhi, uje.

Mdogo wako,
Chiriku