Ukurasa Uliofungia Sukari

Ruaruke

Kwa mjukuu wangu Zuhura,

Barua yako imenifikia. Sisi tu wazima, mpunga umekwisha kuvunwa, na bibi yako anakusalimu sana.

Umeniuliza jinsi ya kumpima mbunge wenu. Wakati wa Mwingereza, mjumbe wetu katika Baraza la Kutunga Sheria aliahidi kulisemea jambo la nguruwe walioharibu mashamba yetu. Wanakijiji walinikabidhi kazi ya kumfuatilia. Kila juma nilisoma gazeti dukani kwa Bwana Kanji na kunakili maneno ya mjumbe daftarini. Sikuona nguruwe hata mmoja. Basi nilimwandikia, kwa niaba ya wote, kwamba ametusaliti.

Barua ilipokwisha kwenda posta, nilimsomea Bwana Kanji nakala. Alicheka.

"Bwana Mwandishi, nguruwe wako walikuwa kwenye ukurasa niliokufungia sukari! Hukuusoma?"

Nilikimbia nyumbani. Bibi yako alikwisha kuuwashia moto.

Nimeandika barua nyingi zilizosifiwa. Ile ya kumwomba radhi mjumbe ilikuwa na mistari mitatu tu, nami niliichana mara nne kabla ya kuitia sahihi.

Ni mimi babu yako,
Salum