Chupa ya Mnara Niliyoipitisha

Jumatatu, 4 Agosti

Nimefungua chupa tisa leo. Nane nyekundu, moja nyeupe. Kila moja nimeifanyia vilevile: kizibo puani, tone kwenye glasi, zungusha, inamisha kichwa, hesabu mpaka tatu, tabasamu. "Iko sawa." Wageni wameridhika.

Sikusikia harufu yoyote. Tangu homa ya Aprili sijasikia. Daktari alisema pua inaweza kurudi, inaweza isirudi. Sijamwambia mtu. Miaka ishirini na miwili hotelini, na kazi yangu ni pua. Nilianza kwa kuosha glasi jikoni mpaka mpishi mkuu wa wakati ule akagundua nanusa kitu kikiharibika kabla ya wengine wote. Akanitoa kwenye karai, akanipa kizibuo.

Nimepita soko la Muthurwa kurudi nyumbani. Samaki wa kukaanga, vitunguu, matope, moshi wa magari. Nimeviona vyote. Ni kama kutazama televisheni iliyozimwa sauti.

Jumatano, 6 Agosti

Bi. Njoki, meneja wetu, ametuita asubuhi. Tarehe kumi na sita kuna chakula cha mchana cha wageni thelathini. Mzee mwenye shamba la Mnara anakuja mwenyewe kutoka Afrika Kusini pamoja na binti yake, kuonyesha mvinyo wao mpya. Nitafungua mimi. Nitaeleza mimi.

Mnara ni jina letu tu, kwa sababu ya picha ya mnara wa mawe kwenye lebo. Jina lao halisi hakuna mhudumu anayeweza kulitamka. Mvinyo mwekundu, zabibu za aina tatu zilizochanganywa. Familia hiyohiyo imekuwa ikiutengeneza tangu babu wa babu wa mzee. Ndio mvinyo wa bei ya juu kabisa kwenye orodha yetu. Hakuna mtu Nairobi aliyefungua chupa zake nyingi kama mimi.

Bi. Njoki amenishika bega. "Selina, siku hiyo nakutegemea wewe." Nimesema ndiyo, madam.

Ijumaa, 8 Agosti

Maharagwe yameungua. Nilikuwa nimekaa mezani, mgongo kwa jiko, nikijikumbusha maneno ya Mnara: zambarau zilizoiva, mbao kavu, tumbaku, udongo baada ya mvua. Mlango ukagongwa kwa nguvu. Ni Mama Shiru, jirani yangu, fundi wa nguo. Ukuta mmoja unatutenganisha. Aliingia bila kukaribishwa, akazima gesi, akafungua dirisha. Nyumba ilikuwa imejaa moshi nyuma yangu.

"Mama Nafula, husikii?"

Nikamwambia nilikuwa nimesinzia. Alitazama kitabu kilicho wazi mbele yangu na kalamu mkononi. Aliichukua sufuria akaenda kuisugua kwa mchanga pale bombani.

Ningeweza kuungulia humu ndani huku nimekaa.

Jumapili, 10 Agosti

Ibada. Kwaya iliimba vizuri. Kanisani wanajua nafanya kazi hotelini, hawaulizi nafungua nini.

Nafula, binti yangu, alipiga simu kutoka Doha. Dakika sita. Aliuliza kama nakula. Nikasema nakula. Ninakula, ndiyo. Chumvi, sukari, uchungu, uchachu. Hayo tu ndiyo yaliyobaki.

Baadaye nilichukua koti la Absalom, marehemu mume wangu. Miaka thelathini karakana ya reli, na koti likamezwa na grisi na tumbaku yake. Tangu nimzike, mwaka wa pili huu, nilikuwa naliweka usoni Jumapili kabla ya kulala kidogo mchana. Leo nimeliweka tena, mara ya kwanza tangu Aprili. Kitambaa. Kitambaa kigumu kinachokwaruza shavu. Nimelia kama siku ya mazishi. Afadhali siku ile nyumba ilijaa watu.

Jumanne, 12 Agosti

Binti wa shamba amefika. Anaitwa Helena, ana umri kama wa Nafula. Mikono ya mtu anayefanya kazi, kucha fupi. Alifungua chupa ya mwaka huu, akanimiminia, akataka nimwambie ninasikia nini.

Nilitazama rangi. Niliinamisha kichwa. Niliuacha ukalie ulimi, nikaona unavyokamata fizi kuliko wa mwaka jana. Halafu nikamsomea maneno yangu ya zamani. Nikaongeza koti la mtu wa reli lililonyeshewa njiani. Alicheka kwa furaha. Akasema hajawahi kusikia mtu akiueleza hivyo, atamwambia baba yake.

Nimejionea aibu. Maneno yalikuwa ya kweli, ila si ya glasi ile.

Jumamosi, 16 Agosti

Nitaandika kama ilivyokuwa.

Wageni walifika mapema. Chupa kumi na mbili zilikuwa kwenye meza ya pembeni, bado zimefungwa. Bi. Njoki alimwambia Mutiso, mhudumu mwenzangu wa miaka minane, afungue sita za kulia. Mimi sita za kushoto. Nilifungua zangu haraka. Kizibo puani, hesabu mpaka tatu, weka chini. Zote sita. "Ziko sawa," nilimwambia Mutiso. Akaanza kumimina, na ya kwanza aliyoichukua ilikuwa moja ya zangu.

Mzee alikuwa amesimama akizungumza. Mrefu, suti ya zamani, sauti ya chini. Aliwaeleza wageni kwamba babu yake aliwahi kumwaga mavuno ya mwaka mzima kwa sababu hayakumridhisha, na familia ikala viazi mwaka ule. Watu wakacheka. Akainua glasi, akainusa, akaganda hivyo. Akaiweka mezani bila kuonja.

Hakupiga kelele. Alimwita Bi. Njoki, akamwambia kwa upole kwamba chupa hiyo imeharibiwa na kizibo. Hutokea, hata kwao. Lakini ilipaswa kukamatwa kabla ya kufika mezani. Wageni waliokaa karibu walisikia. Helena alinitazama, kisha akatazama chini.

Kwenye korido ya jikoni Bi. Njoki alimgeukia Mutiso.

"Chupa ilikuwa mkononi mwako."

"Ndiyo, madam."

"Uliinusa?"

Mutiso alinitazama mimi. Alijua ilitoka upande wa nani. Alingoja. Mimi nilikuwa nafuta glasi ambayo tayari ilikuwa safi.

"Nilidhani iko sawa," alisema.

Ameambiwa akae nyumbani mpaka Jumanne, aje kujieleza mbele ya mkurugenzi. Alivua aproni, akaikunja mara nne, akaiweka juu ya sanduku la soda. Alipita karibu yangu bila kunigusa.

Sikusema neno. Mimi, Selina, sikusema neno.

Jumapili, 17 Agosti

Sikwenda kanisani. Nafula alipiga, sikushika.

Mutiso ana watoto watatu. Wa mwisho hajaanza kutambaa.

Mama Shiru aligonga mchana. Sikumfungulia mpaka akaondoka. Nikasikia cherehani yake ikianza upande wa pili wa ukuta, ikasimama, ikaanza tena. Nilitamani arudi kugonga. Hakurudi.

Jumatatu, 18 Agosti

Nilifika kabla ya wote, nikamngoja Bi. Njoki mlangoni mwa ofisi yake. Nilikuwa nimepanga maneno mengi. Yalitoka machache.

"Chupa ile niliifungua mimi. Mutiso nilimwambia iko sawa. Sikuinusa, madam. Siwezi kunusa tangu Aprili."

Alivua miwani. Akauliza ni chupa ngapi nimezipitisha hivyo. Sijui. Mamia. Akauliza kwa nini sikusema. Nikamwambia hakuna kitu kingine ninachokijua, na nyumbani hakuna mtu wa kumwambia. Sikutaka kulisema hilo la pili. Lilitoka lenyewe.

Alikuwa na hasira, na alikuwa na haki. Hasira si ya pua, alisema. Ya korido. Alimpigia Mutiso simu mbele yangu, akamwomba radhi, akamwambia arudi kazini. Mimi nimepewa barua ya onyo na nimeondolewa kwenye mvinyo. Kuanzia kesho niko chumba cha vitambaa, kupanga napkini na vitambaa vya meza.

Jioni nilimgongea Mama Shiru. Nikamweleza yote nikiwa nimesimama mlangoni. Alisema alijua tangu ile siku ya maharagwe. "Nilikuwa nangoja uniambie mwenyewe." Akasogeza vipande vya vitenge kwenye kiti ili nikae.

Alhamisi, 21 Agosti

Chumba cha vitambaa hakina dirisha. Mashine ya kufulia inanguruma siku nzima. Hakuna anayeingia ila kuchukua.

Mutiso amerudi. Tumekutana kwenye ngazi. Hakunisalimia. Nilimwambia pole, nikamwambia nilimkosea. Alisema, "Sawa," akapanda juu.

Nimekunja vitambaa mia mbili na kitu. Hakuna aliyeniita jina langu leo.

Jumanne, 26 Agosti

Bi. Njoki ameamua Mutiso ndiye atakuwa mtu wa mvinyo. Amenituma nimfundishe, saa moja kila siku baada ya chakula cha mchana.

Tulikaa stoo, kreti la Mnara katikati yetu. Mwanzoni alijibu kwa kichwa tu. Nilimwonyesha jinsi ya kushika chupa, jinsi ya kukata karatasi ya shingoni, jinsi kizibuo kinavyoingia wima. Mkono wake ni mzito, utazoea. Nikamwambia anuse, aseme chochote kinachomjia.

"Duka la mbao," alisema. "Pale Gikomba, wakipiga randa."

Mbao kavu. Mimi ilinichukua mwaka mzima kuipata hiyo.

Chupa ya tatu aliinusa, akarudisha kichwa nyuma, akakunja uso. "Hii ina gunia lililonyeshewa likaachwa kwenye kona." Nikamwambia ndiyo hiyohiyo. Ndiyo harufu ya kizibo iliyonipita. Akanusa tena, taratibu, kama mtu anayetaka kuikumbuka sura ya mtu. Tukaimwaga kwenye sinki pamoja. Nilitazama wekundu ukizunguka na kupotea.

Akiwa anaosha mikono, mgongo kwangu, aliuliza niliona nini pale koridoni alipokuwa akinitazama.

Nikamwambia niliona mtu ananingoja, nikaogopa.

Akafunga bomba. Akasema hata yeye aliogopa. Akasema angeniharibia jina kama angenitaja, na hakutaka, mimi ndiye niliyemfundisha kubeba trei. Kisha akauliza kesho ni saa ngapi.

Jumapili, 31 Agosti

Baridi. Mawingu hayajafunguka tangu asubuhi.

Nimemwambia Nafula kwenye simu kuhusu pua. Akauliza sasa nitajuaje gesi ikivuja. Nikasema Mama Shiru yupo. Akasema nimpe Mama Shiru namba yake. Tulizungumza dakika ishirini.

Baada ya hapo nilitaka chai. Maziwa yalikuwa ya juzi. Niliyatazama kwenye kikombe, meupe, yametulia, hayasemi kitu. Nikavaa kandambili, nikaenda mlango wa pili nikiwa nimekishika kikombe kwa mikono miwili.

Mama Shiru alikuwa anapinda sketi. Hakuuliza nimefuata nini. Alikipokea, akakiinua puani.

"Yako sawa," alisema. "Leo tu. Kesho usiyanywe."

Nikarudi, nikabandika chai. Nimekunywa nikiwa peke yangu, dirisha wazi, kelele za watoto zikitoka uani. Ilikuwa ya moto na tamu. Zaidi ya hapo sijui.