Ua Lililotangulia Majani

Mjukuu wangu Zuhura,

Marahaba, ingawa shikamoo yako imechelewa mwezi mzima! Huku Kariakoo tu wazima, babu yako anakohoa na kubisha tu.

Umeniletea picha ya ua la pinki lililochomoza porini, mvua bado, jani hata moja hakuna, unauliza ni ua gani. Nimeruka kitini!

Miaka ile ya ruksa, serikali ilipofungulia biashara, kila mtu na meza yake, mimi niliuza mizizi ya dawa. Mteja wangu Mama Hansa wa Mchafukoge akaja na ua kama hilo, kalichimba msitu wa Pugu.

"Mama Dawa, hili nini?"

"Gugu hilo, tupa!"

Akakung'uta udongo, akanisogezea mzizi puani. "Haya nusa, mjuaji."

Tangawizi pori! Ile ile iliyojaa mezani kwangu! Kumbe niliijua ikiwa kavu guniani tu. Wauzaji wenzangu walicheka mpaka wakakaa chini. Kesho yake nikafuatana na Mama Hansa hadi Pugu, nikapiga magoti kuyatazama maua hayo yalivyoota.

Picha haina harufu, we mtoto! Chimba kidogo, unuse. Likinukia tangawizi, niandikie siku hiyo hiyo. Mimi nimeshaanza kushangilia.

Bibi yako,
Mama Dawa