Namba Kumi na Tatu Niliyomsingizia Nesi Yustina

Jumamosi mchana. Tabora, wiki ya pili ya mvua.

Mvua imekatika saa saba, mabati bado yanadondosha. Nimefunga kibanda changu hapa Gongoni mapema na kumwambia jirani kwamba nina homa. Sina homa. Nina aibu tu, na sikujua namna nyingine ya kumwambia.

Wanaosoma blogu hii wananijua kwa malalamiko. Nimeandika humu mara ngapi kwamba watu wenye vyeti wananiita "fundi redio" kama vile ni tusi? Nimeandika jinsi nilivyoanzia kwenye baraza la duka la Mzee Gulamu, naunga waya kwa pasi ya mkaa, nasoma vitabu alivyokuwa anafungia bidhaa. Yote kweli. Leo silalamikii mtu.

Leo ni zamu yangu.

Nianze na kifaa chenyewe. Kiko kwenye zahanati moja ya kijijini, kilomita kumi na moja kutoka hapa, kando ya ile barabara ya zamani ya misafara iendayo Ujiji. Zahanati ina friji ya chanjo. Chanjo inatakiwa ikae kati ya nyuzi mbili na nane. Nilitengeneza kifaa kinachopima joto ndani ya friji mchana kutwa, kisha saa kumi na mbili jioni kinarusha kwa redio namba moja tu: joto la juu kabisa la siku hiyo. Namba inaingia kwenye mashine yangu hapa kibandani, na kutoka hapa inaenda kwenye simu ya mganga mfawidhi, yaani mkuu wa zahanati. Namba moja kwa siku, ili betri idumu. Nilijivunia sana hilo.

Namba inasafiri kama sifuri na moja. Tano, kwa mfano, ni 0101. Lakini hewani kuna kelele, sifuri inaweza kufika ikiwa moja. Kwa hiyo kwenye zile tarakimu nne unaongeza tatu za ulinzi, zinakaa nafasi ya kwanza, ya pili na ya nne, jumla zinakuwa saba. Tano yangu inaondoka hivi: 0100101. Ikiharibika tarakimu moja yoyote njiani, walinzi watatu wakiulizwa wanakuonyesha ni ya ngapi. Unaigeuza, namba inapona. Ni kitu kizuri mno. Siku nilipokielewa, peke yangu, kwa kalamu na karatasi ya kufungia maandazi, nilicheka kama mwehu.

Ila zikiharibika mbili, walinzi hawanyamazi. Bado wanakuonyesha moja. Wanakuonyesha nyingine, ambayo haina kosa, na mashine inaigeuza bila wasiwasi wowote.

Nilijua. Hili ndilo linaloniuma. Sikuwa sijui.

Hawa, injinia kijana aliyekuja kutoka Dar kukagua kazi yangu, alinishauri mbele ya kamati ya zahanati: "Fundi, ongeza tarakimu ya nane. Zikiharibika mbili itagundua, iombe irudiwe." Alisema kwa adabu. Mimi nilisikia "fundi" peke yake. Nikamjibu kwamba tarakimu ya nane ni kula betri bure, na kwamba nimeshapiga hesabu: tarakimu moja ikiharibika mara moja katika mia, basi mbili kwa mpigo katika saba ni kama mara moja kwa siku mia tano. Watu wakaitikia kwa vichwa, kwa heshima. Hesabu yenyewe ilikuwa sahihi kwenye karatasi.

Tarakimu moja kwa siku, kwa mwaka ni mia tatu sitini na tano. Salamu fupi ya Idi kwenye simu inazidi hapo. Hiyo ndiyo betri niliyokuwa naionea huruma.

Na ile mara moja katika mia niliipima Agosti, kiangazi, anga limetulia. Sasa ni Novemba. Radi ya Tabora ikipiga haichagui tarakimu moja ikaiacha ya jirani. Inazikumba zilizo pamoja.

Jumatano ya wiki iliyopita, saa kumi na mbili jioni, radi ikipasua, mashine ilipokea namba. Ikasema kumi na tatu.

Kesho yake kamati ikakaa. Mwenye ufunguo wa friji alikuwa Nesi Yustina, mama wa miaka hamsini na kitu, anakaa Mtendeni na huenda kazini kwa baiskeli. Daftari lake lilisema asubuhi tano, jioni tano. Akaleta na chupa za chanjo, akaonyesha ile alama inayobadilika rangi chupa ikipata joto. Haikuwa imebadilika. Mganga mfawidhi akaniangalia mimi.

Nikasimama. Hakuna aliyeniambia nisimame. Nikasema joto la saa moja halitoshi kubadilisha alama, na kwamba daftari linaandikwa asubuhi na jioni, lakini kifaa hakisinzii mchana. Nikamalizia: "Mama alifungua mlango akausahau. Binadamu anasahau. Namba haina sababu ya kudanganya."

Nilisema kwa sauti ya kufika mpaka kwa akina mama waliokaa nje na watoto.

Yeye alisema tu, "Mimi sijasahau mlango, mwanangu." Halafu akatoa ufunguo kwenye mfuko wa gauni, akauweka mezani kabla hajaombwa.

Chanjo zikatengwa zikateketezwe. Watoto ishirini na watatu wakarudishwa nyumbani siku hiyo.

Niseme ukweli wote, maana nimeshaanza. Nilikuwa na kinyongo naye. Siku nilipofunga kifaa aliniuliza, "Umesomea chuo gani, mwanangu?" Mama anamuuliza kijana wa watu, basi. Mimi nikaona ananipima. Halafu akasema friji ile anaijua kwa kugusa mlango wake. Nikaona ananidharau. Kwa hiyo kumi na tatu ilipoingia, sikushangaa. Nilifurahi kidogo. Nimeandika, nimefuta, nimeandika tena: nilifurahi.

Jana Ijumaa radi ikarudi. Mashine ikasema kumi na mbili. Mganga mfawidhi akanipigia mwenyewe, sauti kavu. Ufunguo ulikuwa mfukoni mwake mchana kutwa, hakuna aliyegusa friji, na kipimajoto cha ndani kinasoma nne.

"Sasa fundi, na mimi nimesahau mlango?"

Leo asubuhi na mapema ndipo nikafungua kumbukumbu ghafi, yaani tarakimu zenyewe kama zilivyofika kabla mashine haijazisahihisha. Zimekuwepo muda wote. Kuzifungua ni kazi ya dakika moja. Dakika ambayo sikuitoa siku ile ya kamati kwa sababu jibu nililokuwa nalo lilinifaa.

Ya Jumatano ile ilifika hivi: 1000101. Nikaiweka chini ya tano, 0100101. Tofauti ni mbili tu, ya kwanza na ya pili. Na zote mbili ni walinzi. Zile nne zinazobeba namba zilifika kilomita kumi na moja, katikati ya radi, bila mkwaruzo. Tano ilifika tano. Ila walinzi wawili walioumia wakaonyesha tarakimu ya tatu, mashine ikaigeuza, 0101 ikawa 1101, tano ikawa kumi na tatu.

Radi haikuiharibu namba. Aliyeiharibu ni msahihishaji niliyemwandika mimi.

Nikapita dukani kwa Mzee Gulamu kwanza, nadhani nilitaka kuonewa huruma. Nikamweleza nikiwa nimesimama kaunta. Akasikiliza huku anapanga betri, hata hakuinua uso.

"Nilikufundisha redio miaka mingapi, bwana?"

"Minne, Mzee."

"Ukiwa hujasikia vizuri hewani, unasema nini?"

"Rudia."

"Haya. Sasa unatafuta nini kwangu? Nyumba ya yule mama iko Mtendeni, si huku."

Nilipofika, Nesi Yustina alikuwa uani anachambua mchele kwenye ungo. Nikatoa shikamoo, akaitikia marahaba, akanivutia kigoda. Nilikuwa nimebeba karatasi zenye sifuri na moja, nikaanza na walinzi, na radi, na tarakimu ya nane. Akaniacha niende mbali. Kisha akasimamisha mkono kwenye mchele.

"Kwa hiyo namba ilikuwa tano."

"Ilikuwa tano, mama."

"Na mimi niliandika tano."

"Uliandika tano."

Akarudi kwenye mchele. Akatoa jiwe, akalitupa. Nikasema naomba radhi, akasema amesikia. Nilidhani imekwisha, nikaanza kukunja karatasi.

"Siku ile uliponisema, ulikuwa umekaa au umesimama?"

"Nilisimama."

"Na akina mama nje walisikia?"

"Walisikia."

"Basi Jumatatu kamati inakaa. Usije kunimalizia hapa uani."

Hakupandisha sauti. Kisha akaingia ndani, nikajua anatafuta chai, akatoka na chai na daftari. Daftari lile lile. Akanionyesha ukurasa wa majina ya watoto ishirini na watatu. Chanjo mpya imeshaletwa, na kumi na saba wamesharudi, kila mmoja na tarehe na sahihi yake pembeni. Sita pembeni mwao pako patupu. Wawili ni mapacha. Mama yao alitembea saa tatu kuja, akaambiwa dawa imeharibika kwa uzembe wa nesi.

"Huyo harudi," Nesi Yustina akasema. "Ningekuwa yeye nisingerudi. Mimi ufunguo naweza kukaa bila. Hawa sita ndio sijui nitawapataje kwa baiskeli, mvua hii."

Mimi ni mtu wa namba. Nimebishana na watu wenye shahada kwa ajili ya namba. Sijawahi kuona namba nzito kama ile sita.

Nikamwambia pikipiki yangu ina mafuta. Akasema, "Kwanza Jumatatu. Wakiniona na wewe kabla hujasema, watadhani umekuja kunikamata."

Akacheka kidogo. Mimi nikashindwa.

Nimerudi kibandani na kufanya nilichoambiwa na Hawa. Ilinichukua chini ya saa nzima, na humo nimehesabu muda wa kukaa nikiangalia ukuta. Tarakimu ya nane iko ndani ya mashine ya hapa, na kesho nitaenda kuiweka kwenye kifaa cha zahanati. Nimeijaribu kwa ile ile ya Jumatano, tano na walinzi wake, nikaziharibu mbili za mwanzo kwa makusudi. Safari hii haikugeuza kitu. Iliandika kwenye kioo neno nililoiwekea: SIJUI. Halafu ikaomba irudiwe.

Nililiangalia lile neno muda mrefu. Katika mikutano yote niliyosimama, na nimesimama mingi, sikumbuki kulisema hata mara moja. Niliogopa kwamba mtu asiye na cheti akisema hajui, wataambiana "si tulisema?" Kwa hiyo kila nilipoulizwa nilikuwa na jibu. Na siku ile nilikuwa na jibu lenye jina la mtu.

Nimemtumia Hawa ujumbe, nikamwambia alikuwa sahihi na mimi nilikuwa na kiburi. Amejibu kwa maneno mawili: "Asante, fundi." Nimelisoma lile "fundi" mara kadhaa. Halina tusi. Sidhani hata siku ile lilikuwa nalo.

Kuna zahanati nyingine nane nilizoahidiwa iwapo hii ya kwanza itafanya vizuri. Jumatatu nikimaliza kusema, zinaweza kwenda kwa mtu mwingine. Nimelipiga hesabu hilo pia, nikaona kwamba nikianza kulipima nitapata sababu ya kukaa kimya, kwa hiyo nimeacha katikati.

Nimeandika nitakachosema. Kiko kwenye kipande cha karatasi, mistari mitatu. Namba ilikuwa tano. Nesi Yustina aliandika tano. Kumi na tatu ni yangu.

Anga limeanza kujaa tena upande wa Kipalapala. Nimejaribu kuisoma mistari ile hapa ndani, mlango umefungwa, na sauti imetoka ndogo, ya mtu anayeomba chumvi kwa jirani. Siku ile ilifika mpaka nje.

Je, Jumatatu sauti itafika?