Hodi kwa Diski Yako, Elias

Ndugu yangu Elias,

Huku Gasorwe mvua imewahi na maharage yametoka vizuri. Nimerudi juzi kutoka kwako, kule Musinzira. Bado nasema "kwako", ingawa hupo. Ulimi bado haujazoea.

Siku ya kuganduka, ya kuhitimisha msiba wako, imekaribia. Mkeo Generoza alitaka watoto wakusikie. Sauti yako ilibaki mahali pamoja tu, kwenye ile diski kuukuu ya kompyuta yako, nayo ilikataa kufunguka. Fundi wa mjini akashauri tuifomati, yaani tuifute yote ianze upya, eti itaamka.

"Itaamka bila mwenyewe," mkeo akamjibu, akaifunika kwa kitenge. Akanipigia simu: "Shemeji, njoo wewe."

Nikaenda na ile draiva, programu ya kuzungumza na diski, tuliyoiandika ukimbizini Kigoma. Unakumbuka tulivyokariri namba za amri? Hii inapanga mwendo wa data kwenye waya wa modemu, hii inauliza kifaa hali yake, hii inaamsha diski, hii inafuta kila kitu. Namba tu, zinafanana kama mapacha, na kifaa hutii bila kuuliza sababu. Nawe ulikuwa mkali: "Salimia kwanza! Huendi kwa jirani ukaanza na nipe chumvi." Ukataka draiva ipige hodi mara tatu, isipoitikiwa, iondoke. Nilikucheka. Kumbe programu nyingine hugonga bila kukoma, mpaka diski dhaifu inakufa.

Basi nikaiunganisha diski yako, draiva ikapiga hodi mara tatu: kimya. Nikazima. Generoza akaleta ugali, tukala. Niliogopa, Elias. Ilikuwa kama tunakuzika tena.

Diski ilipopoa, nikapiga hodi upya. Ikajibu: tayari. Nikasoma polepole, nikiruka palipoumia. Hotuba yako ya harusi ya binti yako imepotea yote. Kilichopona ni kipande kifupi, ulipokuwa unajaribu maikrofoni: "Inasikika? Generoza, funga mlango, kuku wanaingia!"

Mkeo alicheka hadi akakaa chini. Kisha akalia.

"Ni yeye kabisa," akasema. "Hotuba zisomeni nyinyi wanaume. Mimi nataka huyu."

Fundi amejitolea kuisafisha sauti, aondoe kelele za kuku. Nimemkatalia.

Pumzika, ndugu yangu. Siku hiyo nitabonyeza mwenyewe, mbele ya watu wote, na nakuahidi: kuku hatatolewa hata mmoja.